Triga ya Bomba la Mgongoni: Namna ya Kuilainisha Nyumbani Bila Kuifanya Ivuje



Katika Milima ya Usambara, bomba la kupulizia dawa halikai ghalani kusubiri msimu. Soni, Lukozi, Mlalo, Mtae na vijiji vinavyozunguka mji wa Lushoto hulima viazi, kabichi, karoti na nyanya, na mabondeni kilimo cha umwagiliaji huendelea hata wakati wa kiangazi. Ukungu na ubaridi unaoyapa mazao hayo ustawi ndio pia unaoustawisha ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao ukiingia katika shamba la viazi huweza kulimaliza kwa siku chache. Kwa sababu hiyo mkulima wa huku hulibeba bomba mgongoni mara nyingi kuliko wakulima wa sehemu nyingi nyingine.

Somo hili linahusu kipande kimoja kidogo cha chombo hicho: kile unachokibana kwa vidole ili dawa itoke, na kukiachia ili isimame. Mafundi na wauzaji wa pembejeo hukiita triga, jina lililoazimwa kutoka kwenye bunduki, nasi tutalitumia jina hilo. Tumeamua kukitengea somo zima kwa kuwa malalamiko juu ya triga ngumu au triga inayovuja ni ya kawaida, na kwa kuwa dawa wanazojipatia watu nyumbani, kama vile kukata springi, kupaka oili ya gari au kuifunga triga kwa waya, mara nyingi huleta madhara makubwa kuliko kasoro yenyewe.

Mwisho wa somo hili utaweza kutambua kwa nini triga yako ni ngumu, kuisafisha na kuirekebisha kwa vifaa vya nyumbani, kuijaribu kabla ya kurudi shambani, na kujua ni wakati gani huna budi kununua mpya au kumrudishia muuzaji.

1. Kwa nini jambo dogo hili lina uzito

Tufanye hesabu. Tangi la lita 16, likitumiwa na nozeli inayotoa mililita 600 kwa dakika, humalizika kwa muda wa dakika 26 au 27 za kubana. Mkulima anayepulizia matangi manne kwa siku hubana triga kwa karibu saa moja na dakika 45, huku amebeba mzigo ambao, tangi likijaa, hukaribia kilo 20, tena juu ya mteremko. Triga ikiwa ngumu, vidole hufa ganzi kabla tangi la pili halijaisha.

Uchovu wa vidole ni mwanzo tu. Anayechoka huanza kuvua glovu ili apate nguvu ya kubana. Kisha hutafuta kamba au waya na kuifunga triga iwe wazi moja kwa moja. Kuanzia hapo dawa haisimami anapogeuka mwisho wa tuta, wala anapovuka mfereji, wala anapoteleza na kuanguka. Triga ngumu, kwa hatua ndogo ndogo ambazo kila moja ina sababu yake, humpeleka mtu kwenye hatari ambayo asingeikubali kama angeelezwa yote kwa mara moja.

Triga inayovuja nayo ina hesabu yake. Mvujo wa mililita 10 kwa dakika, yaani vijiko viwili vya chai, hauonekani kuwa kitu. Lakini kwa ile saa moja na dakika 45 tuliyoitaja, mvujo huo hufikia kiasi cha lita moja. Ukiwa unatokea penye mpini, lita hiyo yote hupita kwenye kiganja, kifundo cha mkono na kiko cha shati, na nguo iliyolowa dawa huishikiza dawa hiyo kwenye ngozi mpaka jioni.

Kwa hiyo tunaomba neno moja likae moyoni mwa msomaji tangu sasa: triga njema haipimwi kwa wepesi wake wa kufungua peke yake, hupimwa kwanza kwa uhakika wake wa kufunga.

2. Triga inavyofanya kazi

Mabomba hutofautiana, lakini mengi ya yale yanayouzwa madukani yana muundo unaofanana. Ndani ya mpini wa fimbo ya kupulizia mna pini. Mwisho mmoja wa pini hiyo umefungwa kipete cha mpira kiitwacho oringi, na kipete hicho hukaa juu ya tundu ambalo dawa hupitia. Springi huisukuma pini ili oringi ilikalie tundu barabara. Unapobana triga, unaivuta au kuisukuma pini dhidi ya springi, tundu linafunguka na dawa inapita. Unapoachia, springi hurudisha pini mahali pake na tundu huzibwa.

Oringi ya pili, ndogo zaidi, huvishwa pale pini inapotokeza nje kukutana na triga. Kazi yake ni kuzuia dawa isitoke kuelekea mkononi. Oringi hizi mbili ndizo zinazochakaa mapema, na ndizo rahisi kubadilishwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Katika mabomba mengi, presha ya dawa yenyewe humsaidia springi kuikandamiza pini kwenye tundu. Maana yake ni kwamba kadiri unavyopampu zaidi, ndivyo triga inavyozidi kuwa nzito. Mtu anaweza kuilaumu triga ilhali mkono wake mwingine, ule unaopampu, ndio unaoifanya ngumu.

3. Tambua kasoro kabla ya kufungua chochote

Usikimbilie bisibisi. Suuza bomba, weka lita mbili au tatu za maji safi, kisha fanya majaribio manne yafuatayo.

*Jaribio la kwanza: bila presha.* Kabla ya kupampu, bana triga na uiachie mara kadhaa. Ikiwa ni ngumu hata wakati huu ambapo hakuna presha yoyote, kasoro imo ndani ya triga yenyewe: mabaki ya dawa yaliyokauka, oringi iliyokauka au kuvimba, springi yenye kutu, au triga inayosugua kwenye egemeo lake.

*Jaribio la pili: presha kidogo, kisha presha nyingi.* Pampu mara chache, bana. Ongeza kupampu, bana tena. Ikiwa ni nyepesi mwanzo na huwa nzito baadaye, triga yako huenda ni nzima. Punguza kupampu: pampu kwa mwendo wa taratibu na wa kawaida, kadiri kitabu cha bomba kinavyoelekeza. Presha iliyozidi pia huifanya dawa itoke kama moshi, ukapeperushwa na upepo wa mlimani hadi shamba la jirani.

*Jaribio la tatu: kurudi.* Bana kisha uachie ghafla. Triga nzima hurudi mara moja, na mara nyingi utasikia mlio mdogo wa kufunga. Ikirudi kwa uvivu, au ikanasa katikati, ndani mna uchafu unaonata, oringi imevimba, au springi imechoka.

*Jaribio la nne: mvujo.* Ukiwa umepampu, achia triga na uelekeze nozeli chini juu ya karatasi kavu. Matone machache ya mwanzo si kasoro; ni maji yaliyosalia ndani ya fimbo. Lakini matone yakiendelea baada ya dakika moja, oringi ya tundu haifungi. Kisha futa mpini ukauke na uushike kwa karatasi huku unabana. Karatasi ikilowa, oringi ya pili ndiyo mbovu, au mpini una ufa.

Andika ulichokiona. Jibu la majaribio haya ndilo litakalokwambia kama unahitaji kusafisha, kubadilisha oringi, au kubadilisha triga nzima.

4. Matayarisho

Tahadhari nne hutangulia kazi yenyewe.

Kwanza, suuza bomba mara tatu kwa maji safi, lita mbili hivi kila mara, na kila mara yapitishe maji hayo kwenye mpira, fimbo na nozeli. Maji ya kusuuzia yapulizie katika shamba lile lile ulilokuwa unalihudumia. Usiyamwage kwenye kijito wala karibu na chemchemi. Katika nchi ya miteremko kama Usambara, maji ya mfereji wako ni maji ya kunywa ya mtu aliye bondeni.

Pili, toa presha yote. Elekeza fimbo chini na ubane triga mpaka hewa iache kutoka. Tangi tupu si dalili kwamba presha imekwisha; mabomba mengi yana chumba cha hewa kinachobaki kimeshinikizwa hata baada ya dawa kuisha. Mfuniko wa triga ukifunguliwa presha ikiwa ndani, springi na maji yenye dawa hurukia usoni.

Tatu, vaa glovu za mpira. Glovu za kitambaa hazifai, kwani hufyonza dawa na kuihifadhi.

Nne, tenga mahali pa kazi: nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto. Chukua beseni ambalo halitumiki kwa chakula wala kuogea, tandika ndani yake kitambaa cheupe, na ufanyie kazi juu yake. Springi ya triga ni ndogo; ikirukia kwenye majani, kazi imekwisha kwa siku hiyo.

Vifaa utakavyohitaji ni bisibisi inayofaa, spana ndogo au koleo, mswaki uliokwisha kazi, sabuni ya maji, maji ya uvuguvugu, kitambaa kisichoacha nyuzi, na grisi ya silikoni. Grisi hiyo huuzwa katika baadhi ya maduka ya vifaa vya mabomba ya maji.

5. Kazi, hatua kwa hatua

(a) Fungua. Tenganisha fimbo na mpini, kisha mpini na mpira. Toa chujio dogo lililo ndani ya mpini, kama lipo. Halafu fungua mfuniko wa pini polepole, huku kidole gumba kimeukandamiza ili springi isiruke.

(b) Panga. Kila kipande unachokitoa kiweke kwenye kitambaa kwa mstari, kwa utaratibu ule ule kilivyotoka. Ukiwa na simu ya kamera, piga picha kila hatua. Pini iliyorudishwa kichwa chini haifungi.

(c) Osha. Tia vipande kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa muda wa nusu saa, kisha visugue kwa mswaki. Dawa za unga zinazochanganywa na maji, kama zile zenye kiambato cha mankozebu zinazotumiwa sana dhidi ya bakajani, huacha utando mgumu ndani ya triga bomba linapolazwa bila kusuuzwa. Utando huo ndio chanzo cha triga nyingi nzito. Usitumie maji yanayochemka, kwani plastiki hupinda, na mpini uliopinda haurekebishiki. Usisugue tundu kwa msumari au kisu. Mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa tundu ni njia ya kudumu ya mvujo.

(d) Kagua. Zungusha kila oringi mbele ya mwanga. Oringi nzima ni laini, mviringo na yenye unene ulio sawa. Yenye ufa, iliyobonyea upande mmoja, iliyovimba au iliyokuwa ngumu kama ganda, itupe. Ikague pia springi: kutu au mzunguko uliopinda ni sababu ya kutosha ya kuibadilisha. Iviringishe pini juu ya kioo au kigae; ikitetema, imepinda.

(e) Badilisha. Chukua oringi ya zamani uende nayo dukani, ufananishe kipenyo cha ndani na unene. Usikubali inayokaribiana. Kubwa kidogo huifanya triga kuwa ngumu kuliko mwanzo. Ndogo kidogo huvuja siku ya kwanza. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa wembe hakina unene ulio sawa, wala hakikutengenezwa kuvumilia dawa. Kinaweza kukutoa shambani jioni moja, lakini si matengenezo.

(f) Paka grisi. Weka kiasi kidogo mno cha grisi ya silikoni kwenye oringi na sehemu ya pini inayosugua, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Weka kiasi kama hicho kwenye egemeo la triga. Grisi iliyozidi hukusanya vumbi na kuziba chujio. Mara nyingi hatua hii peke yake, baada ya usafi, ndiyo inayoleta wepesi uliokuwa ukiutafuta.

(g) Rudisha. Fuata mstari wako kinyumenyume. Kaza kwa mkono kwanza, kisha robo ya mzunguko kwa spana. Nati ya plastiki iliyokazwa kwa nguvu zote hupasuka, na kupasuka kwake hakuonekani mpaka presha iingie.

6. Njia za mkato zinazopaswa kuachwa

*Kukata springi au kuinyoosha.* Springi fupi huifanya triga iwe nyepesi kweli, lakini haina tena nguvu ya kulifunga tundu. Kishawishi hiki kinafanana na cha wale wanaochezea triga ya bastola ya upepo ili iitikie kidole haraka: kitu kilichoshinikizwa kinasubiri nyuma ya kizuizi, na anayepunguza nguvu ya kizuizi hawezi kuchagua ni lini kitaachia. Tuongeze hapa kwamba triga ya silaha yoyote, hata iwe ya upepo, haimo katika somo hili, na si kazi ya kufanyia nyumbani.

*Oili ya gari, grisi nyeusi na mafuta ya kupikia.* Mafuta ya petroli na jamii yake huvimbisha aina kadhaa za mpira. Triga huwa nyepesi siku mbili, kisha huwa nzito kuliko awali. Mafuta ya kupikia huganda na kunata.

*Kufunga triga kwa kamba au waya.* Tumeeleza hatari yake. Baadhi ya triga zina kishikizo cha kiwandani cha kuziweka wazi. Hata hicho tunashauri kisitumike kwenye mteremko, bali mahali pa tambarare tu.

*Kupuliza nozeli kwa mdomo.* Tumia mswaki au maji. Mdomo usikaribie sehemu yoyote ya bomba, hata likionekana safi.

*Kutoa chujio ili dawa ipite haraka.* Chujio huzuia chembe za mchanga zinazokuja na maji ya mfereji. Chembe moja ikikaa chini ya oringi, triga haifungi tena. Ni heri kuchuja maji kwa kitambaa wakati wa kujaza tangi kuliko kuifungua triga kila wiki.

7. Ijaribu kabla ya kuiamini

Usitie dawa katika bomba lililotoka kutengenezwa. Weka maji safi, pampu kwa kawaida, kisha rudia majaribio manne ya sehemu ya tatu. Triga ikiwa nyepesi lakini inavuja, kazi haijakamilika, fungua tena.

Halafu pima utoaji. Shikilia presha ya kawaida, elekeza nozeli ndani ya chombo chenye alama za vipimo, ubane kwa dakika moja kamili na uandike kiasi kilichotoka. Linganisha na kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa nozeli, au na kile ulichokipima nozeli ilipokuwa mpya. Kikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa mfano mililita 670 badala ya 600, nozeli imechakaa na inahitaji kubadilishwa. Kikipungua sana, kuna mahali pameziba, aghalabu chujio.

Kipimo hiki kina faida zaidi ya triga. Ndicho kinachokujulisha kama dawa unayoinunua kwa fedha inafika kwenye mmea kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, bila kuzidi wala kupungua.

8. Unaponunua bomba au kipuri

Mazungumzo kama haya ni ya kawaida dukani:

"Shikamoo baba. Naomba oringi za triga ya bomba hili."

"Marahaba mama. Oringi peke yake hatuna. Chukua triga nzima."

"Na springi?"

"Hivyo havijagi peke yake, mama. Triga nzima, au bomba jipya."

Huenda muuzaji anasema kweli kabisa, na mnunuzi hana la kumlaumu. Swali lake lilichelewa tu. Lilipaswa kuulizwa siku ya kununua bomba: je, vipuri vyake vinapatikana, wapi, na kwa bei gani? Bomba la bei nafuu lisilo na vipuri linaweza kuwa ghali kuliko lile lililolizidi bei kidogo likiwa na pakiti ya oringi ndani ya boksi.

Kabla ya kulipa, fanya yafuatayo:

– Omba kubana triga dukani, mara kumi mfululizo, ukiwa umevaa glovu utakazotumia shambani. Triga inayokuchosha dukani haitakuwa rafiki Lukozi.

– Omba bomba lijaribiwe kwa maji. Muuzaji mwenye imani na bidhaa yake hatakataa.

– Tafuta jina la mtengenezaji, ujazo wa tangi, maelekezo ya matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania pale inapohusika.

– Dai risiti ya mashine ya EFD, na uitunze pamoja na kadi ya dhamana kama ipo. Mwandike muuzaji aandike ahadi yake. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

Bomba likionekana na kasoro mapema, usilifungue. Ukishalifungua, muuzaji anaweza kudai kwamba uharibifu ni wako. Lisuuze, lifunge, ulirudishe pamoja na risiti na ueleze kasoro kwa utulivu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji juu ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Kuhusu viuatilifu vyenyewe, ikiwa ni pamoja na dawa bandia au zisizosajiliwa, mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ofisa ugani wa kata yako anaweza kukuelekeza pa kuanzia.

9. Utunzaji wa kila siku

Matengenezo bora ni yale ambayo hayakuhitajika. Kila umalizapo kazi, suuza mara tatu kabla dawa haijakauka. Bana triga ukiwa umemaliza, ili kutoa presha yote iliyobaki. Tundika bomba kichwa chini mahali penye kivuli, mfuniko ukiwa umelegezwa, mbali na chakula na mikono ya watoto. Kila mwanzo wa masika na wa vuli, fungua triga, isafishe na uipake grisi, hata kama haijalalamika.

Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwaka au kuona ukungu wakati wa kupulizia, acha kazi papo hapo. Vua nguo zilizolowa, jioshe kwa sabuni na maji mengi, na uende kituo cha afya ukiwa na lebo ya dawa uliyokuwa ukiitumia. Mganga atahitaji kujua kiambato chake, wala hawezi kukikisia.

10. Maswali ya kujipima

1. Triga yako ni nyepesi kabla ya kupampu na nzito baada ya kupampu sana. Je, utaifungua? Eleza sababu.

2. Matone machache yametoka kwenye nozeli baada ya kuachia triga, kisha yakakoma. Je, oringi imeharibika?

3. Jirani amekata mizunguko miwili ya springi, na triga yake sasa ni laini mno. Utamweleza nini juu ya alichokipata na alichokipoteza?

4. Nozeli yako mpya ilitoa mililita 600 kwa dakika. Leo inatoa mililita 690. Kasoro ni ya triga au ya nozeli?

5. Taja mambo mawili ya kufanya kabla ya kufungua mfuniko wa triga, na ueleze kila moja linamlinda nani.

Jaribu kuyajibu kabla ya kurudi nyuma kutazama. Ikiwezekana, yajibuni pamoja katika kikundi cha wakulima au nyumbani, kwa kuwa bomba moja mara nyingi hubebwa na zaidi ya mtu mmoja. Anayelibeba kesho atashika triga uliyoitengeneza wewe leo, naye atakuwa na haki ya kuamini kwamba akiiachia, dawa itasimama.